Kusoma sayansi ya jamii chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu huanza kuita. Mara ni mtoto wa shangazi, mara ni mdogo wake rafiki, mara ni mama tuliyekutana msibani akapewa namba yangu na mtu nisiyemkumbuka. Wote wanaanza vilevile: "Eti wewe si ulisoma mambo ya jamii?" Nimeona niandike majibu mahali pamoja. Nilisoma sosholojia miaka mitatu katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania. Chuo chenyewe sikitaji, maana kwa baadhi ya niliyoyaona huko sitaki kumbebesha mtu mzigo. Siku hizi kazi yangu ni kukusanya na kuchambua taarifa za kaya.

Sayansi ya jamii ni kitu gani hasa?

Ni kuchunguza watu wanavyoishi pamoja, kwa njia ambayo mwingine anaweza kuifuata na kuikagua. Kila mtu ana maoni kuhusu bodaboda, mahari na wanasiasa. Mwanafunzi wa sayansi ya jamii hudaiwa jambo moja zaidi: umejuaje?

Ndani yake mna sosholojia, anthropolojia, sayansi ya siasa na utawala wa umma, uchumi, jiografia, saikolojia, maendeleo ya jamii na ustawi wa jamii. Hizi tatu, yaani sosholojia, maendeleo na ustawi, watu huzichanganya kila siku. Chukua mtoto aliyekutwa amelala stendi usiku. Mtu wa ustawi wa jamii atauliza: leo analala wapi, na ndugu zake ni akina nani? Mtu wa maendeleo ya jamii atakwenda anakotoka mtoto, akae na vikundi vya kina mama aone wanaishije. Mtu wa sosholojia atauliza kwa nini watoto wanaofika stendi hiyo wanatoka kata zilezile mwaka hadi mwaka. Wote watatu wanahitajika, ila anayempatia mtoto blanketi ni yule wa kwanza. Chagua ukijua wewe ni mtu wa aina gani.

Nasikia ni kozi ya waliokosa nafasi kwenye udaktari na uhandisi.

Wapo walioingia hivyo, nami nilisoma nao. Wengine walikaa miaka mitatu wakisubiri maisha yaanze, wengine wakanasa mwaka wa pili wakawa hawashikiki. Kwenye transkripti hakuna safu inayoonyesha uliijaza kozi kama chaguo la kwanza au la nne.

Niwe nimesoma kombi gani, na alama ngapi?

HGL, HGK, HGE, HKL na EGM zote zina njia (H ni historia, G jiografia, L Kiingereza, K Kiswahili, E uchumi, M hesabu), ingawa uchumi hudai hesabu, kwa hiyo mtu wa HKL asijidanganye hapo. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Maana yake D mbili zinakufikisha mlangoni. Kuingia ndani ni ushindani, na kila chuo kina masharti yake kwa kila kozi. Soma kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) cha mwaka wako mwenyewe. Cha kaka yako kimeshapitwa.

Mwenye stashahada naye ana njia yake. Kwa uzoefu wangu, waliopitia kazini kwanza ndio waliokuwa wanazungumza semina ikisisimka.

Mwaka wa kwanza unashtua nini?

Ukubwa. Ukumbi wa watu mia kadhaa, spika inayokoroma, na kiti ambacho ukikikosa saa moja na nusu utasikiliza lekcha umesimama dirishani. Hilo unalizoea ndani ya wiki mbili.

Kinachochelewa kuzoeleka ni kwamba hakuna anayekuandikia noti ubaoni. Unapewa muhtasari wa kozi wenye orodha ya vitabu na makala, halafu unaachiwa. Sekondari tulifundishwa kukusanya pointi: faida tano, hasara tano, umemaliza. Semina yangu ya pili nilisimama nikaeleza makala niliyopangiwa, ukurasa kwa ukurasa, nikijiona nimeiva. Mkufunzi msaidizi, dada mmoja mpole sana, alinisubiri nimalize. Akasema: "Hayo nimeyasoma. Sasa niambie, huyu mwandishi anabishana na nani?"

Sikuwa na jibu. Sikujua kwamba makala huwa inabishana na mtu. Niliirudia usiku ule, na kweli, kila aya ya tatu alikuwa anamrushia mtu kijembe. Ukitaka kushika kitu kimoja tu kabla hujafika chuo, shika swali lile la yule dada.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nitapona?

Utapona, lakini tusidanganyane, hapa ndipo wengi wanapoumia kimyakimya. Miaka saba ya msingi unasoma kwa Kiswahili, sekondari unavushwa Kiingereza, chuoni unatakiwa ubishane kwa Kiingereza. Kukumbuka ni kazi moja, kubishana ni nyingine. Semina yetu ilikuwa na watu zaidi ya ishirini, wanaoongea wanne, na wanne hao ni walewale kila wiki. Semina ikiisha tunahamia kwenye vimbweta, zile meza na benchi za zege chini ya miti, na hapo wale walionyamaza wanachambua ukabaila, ndoa na serikali za mitaa mpaka unajiuliza walikuwa wapi dakika kumi zilizopita.

Nilichofanya ni hiki: kila insha niliianza kwa Kiswahili. Nusu ukurasa, kwa kalamu, nikimwambia mama yangu ninachotaka kusema. Mama hajasoma sosholojia, kwa hiyo pale nilipojificha nyuma ya neno kubwa nilijikamata mwenyewe. Hoja ikisimama, ndipo naivusha. Kiingereza kilichotoka hakikuwa cha mapambo, lakini kilikuwa na kitu ndani.

Na kuna mambo hayavuki. Mwaka wa pili niliandika kuhusu michango ya harusi. Neno la kwanza la Kiingereza nililolishika lilinipeleka kwenye sadaka, la pili likanipeleka kwenye kodi. Mchango si sadaka wala si kodi. Ni deni linalozunguka: lina daftari, lina kadi, lina mwenyekiti wa kamati, na lina mtu wa kukupigia simu tarehe ya mwisho ikikaribia akianza na "Habari za siku nyingi." Usipochanga leo, na harusi ya mwanao watu wana kumbukumbu. Mwishoni niliacha neno lenyewe kwa Kiswahili, nikatumia aya nzima kulieleza. Nilipata B+. Mwalimu aliandika pembeni kwamba aya ile ndiyo insha yenyewe, mengine yote ni maji.

Madesa yanatosha kufaulu?

Kwa asiyejua, desa ni noti zilizotolewa kopi, zinazorithiwa toka kwa waliotangulia. Kuna desa limetolewa kopi ya kopi mpaka jina la mwalimu aliyekwishastaafu limefifia. Kufaulu kwa C unaweza. Kwenye vyuo vingi 40 ndiyo C, 50 ni B, 60 ni B+ na 70 kwenda juu ni A, huku kazi za muhula zikibeba alama 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, 60. Desa linakupa maneno ya kujaza kijitabu. Swali likigeuzwa kidogo tu, unabaki na maneno na huna cha kuyafanyia.

Ila sitayatukana. Desa zuri kabla ya kusoma makala ngumu ni kama kumuuliza mwenyeji njia. Unauliza, kisha unatembea mwenyewe.

DS ni nini, na kwa nini inasomwa na wote?

DS ni Development Studies, yaani masomo ya maendeleo. Wa sosholojia anasoma, wa uhandisi anasoma, naye atalalamika. Lina historia. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara yaliyoambatana nalo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mapema 1967, likaja Azimio la Arusha, na swali la chuo hiki ni cha nani na kinafundisha kwa ajili ya nani likawa la kila siku. Katika joto hilo ndipo wazo la somo la pamoja kwa wanafunzi wote lilipokua, na mwaka 1973 Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa pale Mlimani.

Miaka hiyo Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alikuwa anafundisha hapo, Issa Shivji alikuwa kijana wa sheria anayeandika kuhusu matabaka, na Mahmood Mamdani, msomi kutoka Uganda, naye alipita. Wazee waliosoma wakati ule ukiwagusa wanakumbuka mijadala ya usiku kucha. Sisi tulilisoma DS saa nane mchana, baada ya wali, ukumbi umejaa na feni mbili zimekufa. Bado, kwa mtu wa sayansi ya jamii ni somo la bure: wenzako wa fani nyingine wanalikariri, wewe unalisoma kama mambo ya nyumbani.

Nilikimbia hesabu. Kuna takwimu?

Zipo. Pole. Utakutana na wastani, sampuli, jaribio la kai-skwea, na SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kwenye maabara yenye kompyuta chache kuliko watu. Zinazotakiwa ni hesabu za kidato cha pili na uvumilivu. Tena takwimu ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba sasa hivi.

Kazi za vikundi?

Majina kumi kwenye karatasi. Wawili wameandika, mmoja amelipia kuprinti, mmoja ametoa laptopu, watatu "walikuwa na dharura", wawili hamjawahi kuwaona, na mmoja anakuja siku ya kuwasilisha akiwa na tai na kuongea vizuri kuliko wote. Uwe miongoni mwa wawili wa kwanza hata ikikuuma. Huyo wa tai nimekutana naye baadaye, ni meneja.

Boom linatosha?

Boom ni fedha ya kujikimu inayotoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanza kazi mwaka 2005. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku. Huja kwa mafungu, na hapo ndipo mtego ulipo: likiingia, wiki ya kwanza kila mtu anakula chipsi kuku na kununua raba, wiki ya mwisho kabla ya lijalo watu wanakunywa uji na kuuliza nani ana chumvi.

Ushauri wa aliyeumia: siku linapoingia, nunua mchele, unga, mafuta na vocha ya mwezi kabla hujaonana na mtu. Lipia chumba. Kama umekosa kitanda bweni utasikia neno kubebana, yaani kulala wawili kitanda cha mmoja. Mlimani hali ilipungua makali yalipofunguliwa mabweni mapya Aprili 2017, majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, lakini nafasi hazijawahi kutosha wote popote.

Na kumbuka ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikivimbisha deni iliondolewa mwaka 2021, kwa hiyo wa sasa mna nafuu kuliko sisi. Kila hati ya mshahara nikiiona ile safu, nakumbuka zile chipsi kuku.

Sapu, keri, disko: tofauti yake?

Sapu ni kurudia mtihani uliofeli kabla mwaka mpya haujaanza. Keri ni kulibeba somo lile hadi mwaka unaofuata, ulisome pamoja na mengine. Disko ni kufungasha virago, yaani kuondolewa chuo. Sapu haina aibu, nusu ya unaowaheshimu waliwahi kuikalia.

Fildi ikoje?

Hapa nitakaa kidogo.

Kuna fildi ya ofisini, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa kawaida wiki nane mwishoni mwa mwaka. Mimi nilipelekwa idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri nisiyoitaja. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye benchi la wageni. Wiki ya pili nikawa mtu wa kutoa kopi. Wiki ya tatu mama mmoja wa idara akaniona nasoma mafaili kwa kukosa kazi, akanipa rejesta ya vikundi vya mikopo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki wanachama.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha kina mama kumi wa kufuga kuku. Nikafika kwa mwenyekiti. Banda lipo, kuku wapo, yeye yupo. Wengine tisa? Tukatembea nyumba hadi nyumba. Wa nne alikuwa anatwanga mahindi. Nilipomtajia jina la kikundi alisimamisha mchi akanitazama. "Mimi nilitoa kitambulisho changu. Mwenzetu alisema anakiazima."

Vitabuni tulikuwa tumesoma dhana ndefu kuhusu ushiriki wa wananchi. Yule mama alikuwa ameshiriki: kitambulisho chake kilishiriki. Jioni ile nikaelewa kwamba rejesta si uongo mtupu wala si ukweli. Inakuonyesha nani ana uwezo wa kuazima vitambulisho vya watu tisa.

Halafu kuna kukusanya taarifa za utafiti wako mwenyewe. Wangu ulikuwa kuhusu maji, kijiji kimoja wilaya ya Mvomero. Dodoso nililiandika kwa Kiingereza, nikalifasiri mwenyewe, nikajisifu. Swali la kwanza: nani mkuu wa kaya?

"Baba Asha," akasema mwenye nyumba. (Jina nimelibadili.)

"Yupo?"

"Alikwenda Chunya kuchimba dhahabu."

"Lini?"

Akafikiri. "Asha alikuwa hajaanza kutembea."

Asha alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Yuko darasa la nne.

Kwenye dodoso langu kulikuwa na visanduku viwili, mwanaume na mwanamke. Kwa jibu nililopewa, natakiwa kuweka tiki kwa mwanaume. Lakini anayelima, anayelipa ada ya mtihani, anayeamka saa kumi kupanga ndoo kisimani ni huyu hapa. Na yeye hakukosea: kumtaja mume ni heshima yake, tena ni ulinzi, maana nyumba inayosemwa ina baba haichezewi ovyo. Nilichokosea ni kudhani kwamba swali likishafasiriwa limeshaulizwa. Nyumba ya tatu nikaacha kuuliza nani mkuu. Nikawa nauliza: mara ya mwisho unga ulipoisha, nani aliamua pesa itoke wapi? Majibu yakabadilika siku ileile.

Mpaka leo kazini, dodoso likija limeandikwa mbali, la kwanza ninalofanya ni kulipeleka kwa mama ntilie aliye nje ya ofisi yetu. Akicheka, nalirudisha.

Utafiti wa mwisho unahitaji vibali gani?

Barua ya chuo ndiyo mama. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, unapewa barua ya kwenda wilayani, wilaya inakuandikia kwa Mtendaji wa Kata, kata inakupeleka kwa Mtendaji wa Kijiji, naye anakupa mtu wa kuzunguka nawe. Tenga wiki moja kwa mlolongo huu pekee, beba kopi za kutosha, na usifike ofisi yoyote saa saba mchana. Huyo mtu wa kuzunguka nawe mshukuru, lakini tafuta adabu ya kumwomba akae mbali mnapohojiana. Mbele ya mjumbe hakuna mwanakijiji mwenye tatizo la maji.

Msimamizi wako ni bahati nasibu. Wangu alikaa na sura ya pili wiki saba. Nilipoirudishiwa ilikuwa na alama moja tu, mduara kwenye koma. Nilijifunza kumpelekea kurasa tano tano badala ya thelathini, na kumkuta asubuhi kabla hajaingia vikaoni. Wenzangu wengine walipata wasimamizi waliosoma kila mstari. Jambo hilo halina kanuni.

Naweza kuandika kuhusu siasa bila matatizo?

Mada nyingi unaweza, ukiwa na vibali na ushahidi. Jua sheria zinazokugusa. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilifanyiwa marekebisho 2018 yaliyofanya kuwa kosa kutoa takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 kipengele hicho kikalegezwa. Kwa muda kati ya hapo nakumbuka wasimamizi wakiwashauri wanafunzi "wabadili kidogo kichwa cha habari." Sasa ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majina na namba za simu za uliowahoji usiziache kwenye flashi inayozunguka bwenini.

Akili mnemba (AI) inaweza kuniandikia asaimenti?

Inaweza, na mwalimu atajua kabla ya ukurasa wa pili. Juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu alinitumia kazi aipitie mtu mzima. Ilikuwa laini kama karatasi ya dukani. Nikamuuliza kuhusu kitabu kimoja alichokitaja. Hakukiona, wala hakuna aliyekiona, kwa sababu hakipo. Tulikaa nayo jioni nzima tukaiondoa sentensi kwa sentensi, kikabaki kisa kimoja cha soko la samaki alichokishuhudia mwenyewe Feri. Tukaanzia hapo upya. Mtambo huo unafaa kukueleza makala usiyoielewa, kama desa. Soko la samaki haujafika.

Mimi nasoma Kenya. Haya yananihusu?

Sehemu kubwa. Badilisha majina: HELB badala ya HESLB, CAT badala ya testi, "attachment" mnayoifupisha "atachi" badala ya fildi, na komredi badala ya mwanachuo. Boom mnasema kama sisi. Kilio cha alama kupotea nyie mnacho kikubwa zaidi. Weka kopi ya kila kazi uliyokabidhi.

Nikimaliza nitapata kazi gani? Baba ananiuliza kila jioni.

Mwambie majina ya vyeo, wazazi wanapenda cheo: afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii, afisa tawala, afisa ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi, mtafiti msaidizi, afisa rasilimali watu. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, na kwa kila nafasi moja utakuta ukumbi mzima wa watu wenye bahasha za kaki.

Sasa nikwambie wewe. Wengi tuliingia kwa mlango wa nyuma wa kazi ndogo: siku kumi za kuhoji kaya, malipo kwa siku, nauli juu yako kwanza. Sensa ya Agosti 2022, iliyotupatia hesabu ya watu 61,741,120, iliajiri makarani wengi waliokuwa na digrii zimekaa kabatini. Kutoka hapo baadhi yao waliitwa kwenye tafiti nyingine kwa sababu msimamizi alikumbuka nani alirudisha kishikwambi kikiwa na taarifa safi. Vishikwambi vyenyewe baadaye walipewa walimu. Sisi tukabaki na namba za simu za wasimamizi, na ndizo zilizotulisha.

Nilikaa mwaka na miezi minne bila kazi ya kudumu. Niliuza mitumba Jumamosi. Jifunze Excel vizuri ukiwa bado chuoni, jifunze kukusanya taarifa kwa simu, na uandike ripoti fupi mtu mwenye haraka aweze kuisoma. GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 3.5 kwenda juu, kuanzia daraja la pili la juu, inafungua milango ya shahada ya uzamili, lakini kwenye kazi za fildi sijawahi kuulizwa.

Wale mliowahoji mnawarudishia nini?

Hili aliniuliza mwanafunzi mmoja tu katika miaka yote hii, ila ndilo lililoulizwa kwanza na kila kijiji. Mwenye nyumba yule, mama yake Asha, alinisindikiza hadi njiani akasema: "Mwaka juzi walikuja wenzenu, wakaandika vilevile. Mkishaandika, mnapeleka wapi?" Nilimwambia chuo. Akaitikia kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa mbinguni.

Tasnifu yangu ina kurasa 64 kwa Kiingereza na iko rafuni. Nilipopata mshahara wa kwanza niliandika kurasa nne kwa Kiswahili: visima vingapi, vinakauka mwezi gani, nani anaamka saa ngapi. Nikazitia kwenye bahasha, nikamkabidhi kondakta wa basi ampe Mtendaji wa Kijiji. Baada ya siku tatu Mtendaji alipiga. Alisema zimefika, amezibandika ubao wa ofisi, wanakijiji wanazisoma na tayari wamebishania kisima cha pili, wanasema mwezi nimekosea. Halafu akauliza kama naweza kutuma nyingine, herufi kubwa zaidi, kwa ajili ya wazee.